Jairus Makhanu, Aliyewangoja Mwewe wa Oktoba

Marehemu Mzee Jairus Makhanu alizaliwa Musanda tarehe 14 Machi 1931, kifungua mimba wa Mzee Osiako na Mama Awinja. Mimi ninayesoma ni Zipporah, dada yake anayemfuata.

Alisoma hukohuko Musanda hadi darasa la nne, akaacha shule baba alipovunjika mguu. Walimu walimchapa sana kwa kuchungulia dirishani. Alikuwa akitazama ndege, na fimbo hazikumtoa tabia hiyo.

Mwaka 1950 alikwenda Likuyani kufanya kazi kwenye shamba la mzungu, akawa dereva wa trekta. Mwaka 1965 alipata shamba lake hapa Chekalini. Kila Oktoba, mwewe wa msimu walipopita wakitoka kaskazini, makundi kwa makundi, aliacha jembe, akapindua karai, akakalia na kutazama juu hadi shingo ikamuuma. Majirani waliopiga madebe kulinda vifaranga aliwafokea: "Wacheni kelele! Hawa ni wasafiri, kuku yenu hawana haja nayo. Wanatafutanga kumbikumbi." Ni kweli. Baada ya mvua, pale mwewe walipotua ndipo kumbikumbi walipokuwa wakitoka, na watu wa nyumba yake waliwafuata ndege hao na sufuria. Sisi wengine tulikuta mabawa.

Tarehe 6 Oktoba 1956 alimwoa Navalayo. Siku hiyo alisimama mlangoni mwa kanisa, uso juu, mchungaji akimngoja ndani. Bibi harusi akamuuliza mbele ya watu, "Jairus, umekuja kuoa mimi ama kuangalia ndege?" Aliingia huku akicheka. Walijaliwa watoto wanne, na mmoja wao, Christine, alitangulia mwaka 1988.

Hapa wasifu hueleza ugonjwa. Kaka yangu hakuugua. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 8 Novemba 1997, jirani yetu Barasa, ambaye mchwa walikuwa wanammalizia mahindi, alimwaga sumu kwenye kichuguu kilicho mpakani. Alikusudia kuja kutuonya. Mvua ikaanza, akasema atakuja ikikatika. Barasa, wewe umezaliwa hapa. Hukujua kumbikumbi hutoka mvua ikikatika?

Mvua ilipokatika, mwewe wa mwisho wa msimu walitua. Jairus akawaita wajukuu wawili na Maurine, binti wa Barasa aliyekuwa akicheza nao, wakakimbilia kichuguuni. Yeye alianza kula palepale, wabichi, kama tunavyokula sote, huku watoto wakijaza sufuria na kuonja. Kisha akamwona mwewe mmoja akijaribu kuruka na kuanguka ubavu. Halafu wa pili. Mwingine angedhani wameshiba. Yeye alikuwa amewatazama maisha yake yote. Aliipiga sufuria teke, akamtia Maurine kidole kooni, akapiga kelele: "Temeni! Temeni yote! Hii iko na sumu!"

Watoto wote watatu wako hai, wameketi pale mbele. Jairus alikata roho kwenye mkokoteni wa ng'ombe akipelekwa hospitali, akitoka povu, akiwa amenishika mkono. Sina namna ya kulipamba hilo.

Juzi vijana wa ukoo walikwenda kuchoma nyumba ya Barasa. Sikuwazuia. Navalayo ndiye aliyesimama mlangoni pa Barasa na kanga yake ya matanga, akawauliza, "Mkichoma, huyu mtoto ambaye mzee wenu alitapisha atalala wapi?" Wakarudi na viberiti vyao.

Marehemu ameacha mjane wake Navalayo, watoto wake Osiako, Namalwa na Kefa, wajukuu kumi na mmoja, na mimi. Mjane ameagiza niongeze jina ambalo halimo kwenye karatasi mlizopewa, kwa kuwa wakati zinachapwa nilikataa: Maurine Barasa, mtoto wake.

Mungu ampe Jairus utulivu alioukosa saa yake ya mwisho.

Mjane ameomba pia Barasa awe miongoni mwa wabeba jeneza. Barasa, simama, njoo ushike. Mimi sijakusamehe. Lakini njoo.