Madam Consolata na Matamko Yetu

Mwalimu Consolata Ryoba anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha Kiingereza: kwanza Bunda, kisha Kiriba, na mwisho hapa kwetu Nyakato. Walimu wamesema safari hii maneno ya kumuaga yaandikwe na mwanafunzi. Nimepewa mimi, ambaye hata kuomba chaki naonaga aibu.

Madam anajulikana kwa somo la matamko. Alitufundisha vile vitenzi vizito vya kutangaza, "announce", "declare", "proclaim", nasi tukavipenda kupita kiasi. Mseti, akiomba ruhusa ya kwenda zahanati, aliandika "I hereby proclaim my stomach", yaani anapiga mbiu ya tumbo lake. Madam alicheka mpaka akavua miwani, kisha akamweleza kwamba tumbo linaripotiwa tu. Kupiga mbiu awaachie wafalme. Tangu hapo Mseti anaitwa Mfalme wa Tumbo, na anaitika.

Ila kwake maneno hayo yalikuwaga na sharti: aliyeandika tamko ndiye atakayelisoma, amesimama, mbele ya paredi.

Mwaka jana niliwekwa kwenye kamati ya uchaguzi kwa sababu ya mwandiko wangu. Robi Mugeta alimshinda Dennis kwa kura chache za ukiranja mkuu. Upande wa Dennis ulishaanza kuimba, huku wengine wakisema matokeo yamepikwa. Niliandika vizuri kabisa, "I declare Robi Mugeta duly elected", yaani ndiye mshindi halali. Nilipofika mbele, nikabaki kuikunja na kuikunjua karatasi. Huko nyuma mtu akauliza kama msomaji amemeza ulimi. Nikamnyooshea Madam karatasi anisomee.

Hakuipokea. Alinisogelea, akasema taratibu, "Mwanangu, nikisoma mimi, watasema Robi amechaguliwa na walimu. Soma wewe. Mimi niko hapa."

Akasimama kando yangu, mikono nyuma. Nikasoma. Sauti ilikuwa ndogo, lakini Dennis alikuwa mstari wa mbele na aliisikia. Alitoka akaenda kumpa Robi mkono, na kelele zikaisha. Robi ndiye kiranja mkuu wetu mpaka leo.

Sasa Madam ametuwekea sharti la mwisho. Amesema barua ya serikali ameipata, ila hatajihesabu mstaafu mpaka atangazwe kwenye paredi. Vinginevyo Jumatatu atakuja kusahihisha insha kama kawaida. Mkuu wa shule amenipangia mimi.

Sentensi nimeshaiandika. Ni moja tu, ya Kiingereza, na imenitesa kuliko ile ya uchaguzi, maana hii natamani isiwe kweli. Lakini umechoka, Madam, na shamba lako la mihogo kule Butiama limekungoja sana. Kwa hiyo nitaisoma, kwa sauti ya kufika mpaka mstari wa nyuma, ili uende na moyo mweupe.

Asante kwa yote. Ukapumzike salama, mama yetu, na asubuhi zako zisiwe na kengele.