Mama Mkwe Kwenye Kiitikio

Kinyozi aliyekaa mbele yangu kwenye basi alimpa nesi aliyekaa kando yake hedifoni moja asikilize wimbo alioutengeneza kwa simu. Hawakuwa wakijuana, lakini msanii hachagui msikilizaji.

“Mbona kuna mama anasema ‘zima jiko’?” nesi akauliza.

“Mama mkwe huyo. Programu ya bure, dada, inapokea sauti nne tu. Ngoma nilipigia meza ya jikoni, nikaiunganisha na gitaa ziwe sauti moja nipate nafasi. Kumbe naye alinaswa akinifokea hapo jikoni, na sasa hatoki. Kila kiitikio anarudi.”

“Kwa hiyo amehamia mpaka kwenye wimbo.”

“Usicheke. Wimbo ni wa harusi ya mwanawe mwingine, shemeji yangu, Jumamosi, na atakaa mbele kabisa. Bora nirekodi upya.”

“Thubutu. Anakushinda kuimba. Atakachouliza ni mbona umempunguza sauti.”

“Humjui wewe.”

“Namsikia.” Nesi akakiimba kiitikio, amri na yote: “Zima jiko.”

“Nimeshazima, mama,” nikaitikia, mimi ambaye sikuulizwa na mtu.

Wakageuka wote wawili. Nashukuru basi lilikuwa limesimama kituoni; nikashuka.