Buriani kwa Jeni ya Kunusa Beberu

Baada ya kuutumikia ukoo wetu kwa vizazi ambavyo hakuna aliyevihesabu, mstaafu wetu amepumzika rasmi. Tarehe ya kustaafu ni Machi 1977, siku niliyozaliwa. Mimi, tawi lake la Kiboko, nilipata habari mwaka huu wa 1992, nikiwa kidato cha pili. Jarida letu la shule huwa na ukurasa wa kumuaga mfanyakazi, na kwa kuwa mwaka huu hakuna mwalimu, mpishi wala bawabu anayetuacha, mhariri aliniomba nijaze nafasi. Alinichagua kwa sababu siwezi kumkatalia mtu ana kwa ana.

Mstaafu ni jeni, yaani maagizo yaliyomo ndani ya mwili. Watafiti huko Marekani wametangaza juzijuzi kundi kubwa la jeni za kunusa. Kila moja hutengeneza protini yake, na protini hiyo hukaa puani kama askari wa lango, ikingoja harufu zake. Huyu wetu zamu yake ilikuwa beberu.

Kazi hiyo aliifanya kwa sifa katika pua ya nyanya yangu Kalunde, ambaye kwa Kikamba ninamwita Susu. Susu hufuga mbuzi wa maziwa, na maziwa huenda kwa Nduta, mwenye hoteli ya chai kando ya barabara ya Mombasa. Kila mkebe hupita kwanza puani mwa Susu, maana beberu akilala na mbuzi wanaokamuliwa, maziwa hushika harufu yake. Beberu wetu anaitwa Chifu kwa sababu akipita, watu wote husimama kando. Susu humsikia angali ng'ambo ya mto. "Fungeni zizi," husema, "anakuja."

Mimi nilitoka Ikutha, ambako tulifuga kuku tu, nikaja kukaa kwa Susu nisome sekondari. Nilipoona watu wakifunika pua Chifu akipita, nilidhani wanakinga vumbi. Nikawa nafunika pia, nisionekane mshamba. Sweta yangu ya kanisani niliitundika kwenye msumari wa zizi, pale pale Chifu anapopenda kujikuna. Jumapili watu walihama benchi langu mmoja mmoja, na mimi, mtu wa haya, nikamshukuru Mungu kwa nafasi. Nilidhani ni heshima ya mwanafunzi wa sekondari.

Mwezi wa Mei Susu alikwenda Migwani kumsaidia shangazi yangu aliyejifungua. "Nusa kila mkebe," aliniagiza. "Ukisikia Chifu ndani, mpe paka." Asubuhi nikamkuta Chifu amekata kamba na kulala katikati ya mbuzi wa maziwa. Nikamwamkia. Nikakamua, nikanusa kwa bidii mpaka povu likaniingia puani. Nilisikia maziwa tu. Nikapeleka.

Nilikuwa bado mlangoni mwa hoteli dereva mmoja wa lori alipotema chai.

"Nduta! Hii chai ilichungwa wapi leo?"

"Mimi niliagiza chai na mandazi," utingo wake akadakia. "Mbuzi sikuagiza!"

Hoteli nzima ikacheka. Nduta akanirudishia mkebe. "Mwambie nyanyako anitumie mtu wa kunusa, si wa kubeba."

Susu aliporudi habari ilikuwa imemtangulia.

"Ulinusa?"

"Nilinusa, Susu."

"Mbinya, Chifu mzima alikuwa kwa hayo maziwa. Usinidanganye."

"Aki nilinusa!"

Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Jumatano, kwenye ushirika wa akina mama, aliniombea kwa sauti na kwa jina: "Bwana, mtoe Mbinya hiyo roho ya uongo." Nilikuwa pale nyuma, nimebeba mtoto wa mtu, sina pa kuuficha uso. Tangu siku hiyo, kila nilipomwambia nimefunga mlango, aliinuka akaenda kuuangalia mwenyewe. Hilo la mlango liliniuma kuliko sala.

Ndipo Mwalimu Gicheru wa bayolojia akafika kwenye somo la jeni. Alisema moja ikiharibika, mtu anaweza kukosa harufu fulani na kunusa nyingine zote sawasawa. Nikainua mkono, mara ya kwanza tangu nifike shuleni. "Nenda, lakini urudi haraka," akasema, akidhani naomba ruhusa ya choo. Nikaenda. Nikarudi, nikangoja kengele, nikamuuliza darasa lilipoisha. Hakucheka. "Inawezekana," alisema, "lakini siwezi kuapa bila kipimo."

Nyumbani Susu hakufurahi. "Hiyo jeni ni nani?"

"Ni kitu cha damu, Susu. Tunarithi kwenu."

"Kwetu hakuna pua mbovu."

Hata hivyo alitoka nje, akarudi, akaniambia nifumbe macho. Kitu kikanigusa shavu.

"Ni nini?"

"Gunia."

"Linanuka nini?"

Nikavuta pumzi ndefu, nikalikumbatia kabisa. "Mahindi."

Nilipofumbua macho, Susu alikuwa amejiziba pua kwa leso, machozi yakimtiririka. Lilikuwa gunia analolalia Chifu. Mahindi yalitoka humo kabla sijahamia Kiboko. Alinitazama, akalitazama gunia shavuni mwangu.

"Kumbe lile benchi kanisani!" akasema, na akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatano iliyofuata alisimama mbele ya akina mama wale wale. "Bwana, ile niliyokuomba juu ya Mbinya, naiondoa. Mtoto hakunidanganya. Ni pua." Wakaitikia amina, na aliyekuwa jirani yangu akasogea kidogo, kwa usalama.

Siku hizi Susu hunusa, na mimi humtunza Chifu, kazi ambayo hakuna mwingine aliyeigombea. Chifu haniulizi kwa nini niko kimya. Na jana jioni nilimwambia Susu nimefunga mlango. Aliendelea kula.

Mstaafu wetu, asante kwa kuilinda chai ya Nduta miaka yote hiyo. Kwangu hukuripoti kazini hata siku moja, lakini kukosekana kwako ndiko kulikonitetea. Tunakutakia mapumziko marefu yasiyo na beberu. Na ukiitwa tena kazini kwa watoto wangu, uwasinzilie kidogo wanapomkumbatia mama yao.