Mtihani wa Jumamosi

Mzee Verlon, kwenye basi la asubuhi pale Oakland, alitega sikio tu. Nyuma yake mwalimu Lavonda, anayesomea ukuu wa shule, alimwambia mama aliyekaa naye, "Ule mtihani wa Jumamosi wa kuingia darasa la watoto wenye vipaji, nitaomba uhamishiwe Jumatano. Jumamosi basi la shule halipo, wasio na gari hawafiki." Mama akashtuka, "Nafasi zenyewe thelathini! Wakifika wote, mwanangu si atakosa?" "Hata wangu anaufanya, naye anaweza kukosa, dada." "Loo! Kumbe unasomea kumnyima mwanao!"

Mzee alimwona Lavonda ana haki, na yule mama naye ana haki. Sasa?

Basi likasimama shuleni. Wote wawili wanashuka hapo, lakini kwa ubishi hakuna aliyeinuka. Aliyeinuka ni mzee, akili yake imezama kwenye ubishi wao, na kituo chake bado hakijafika.