Binti Kimondo Mkononi mwa Fundi

Kifuniko cha sufuria kiligongagonga gizani, na mshonaji aliyempakata bintiye akajua mpishi wa hospitali ameshapanda basi la alfajiri. Mpishi akaketi mbele yao, ubavuni mwa kijana fundi wa kuchomelea vyuma. Taa zilipowaka, mkononi mwa fundi akaonekana Binti Kimondo, yule shujaa wa vitabu vya katuni, kachorwa tatuu kuanzia kiwiko hadi kiganja.

"Kakupendeza, mwanangu," mpishi akasema.

"Jioni namfunika kwa wino mweusi, mama. Katika toleo jipya kawauza wenzake, na karakana nzima inanicheka kwamba nimebeba msaliti."

Mshonaji akajifanya anatazama nje, ingawa nje hapakuwa na cha kutazama.

"Mimi mwanangu wa kumzaa alinikana mbele za watu," mpishi akasema. "Nikimfunika kila aliyenikosea, wino wa mji mzima hautanitosha."

Fundi akacheka kidogo, kisha akateremsha mkono wa shati. "Yule ulimzaa, mama. Huyu nilimchagua mwenyewe."

Basi likasimama penye karakana. Fundi alipopita, mtoto akamshika shati.

"Mimi bado nampenda."