Hamna Mtu

Benchi la nje ya duka la kinyozi lina watatu siku hizi: Kinyozi mwenyewe, jirani aliyepewa jina la Redio kwa kutojua kunong'ona, na Fundi. Kwa miaka tisa Fundi na rafiki yake Karani waliandika kiini cha mfumo endeshi wa mashine za hospitali. Karani, ambaye kazi yake ilikuwa kugawa kumbukumbu ya mashine katika nafasi walizoziita vyumba, alizikwa mwezi uliopita. Fundi akaongeza sehemu mpya ya programu peke yake, na mashine zikaanza kuzimika ovyo. Zisipopona kufikia kesho, hospitali itafuta kazi yao yote. Kinyozi alimimina kahawa vikombe vinne, kama kawaida. Fundi akakunjua karatasi yenye yaliyokutwa kwenye kumbukumbu mashine ilipozimika. Palipotakiwa namba, pamejaa maneno mawili, mstari baada ya mstari: HAMNA MTU HAMNA MTU.

— Kirusi hicho, alisema Redio. Kimetumwa.

— Na nani, mkeo? alisema Kinyozi. Hilo ni joto. Chuma kikichemka huweweseka.

— Kwa herufi kubwa?

— Homa ikizidi.

— Basi ni Karani, alisema Redio, safari hii kwa sauti ya chini. Anatuaga.

Hakuna aliyecheka. Fundi aliona haya, maana wazo hilo lilikwisha kumpitia.

Akafika binti wa Karani, amemletea Fundi funguo za ofisi za marehemu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Aliitupia jicho karatasi.

— Haya ni ya baba. Mpangaji wetu akihama, baba alikuwa akiandika hivi mlangoni kwa chaki, watu wasihangaike kubisha.

Fundi aliishika karatasi kwa mikono miwili. Kumbe Karani alikiandika hivyo kila chumba cha kumbukumbu kilichohamwa. Maneno hayakuwa ugonjwa. Ugonjwa ni yule aliyeendelea kuja kubisha.

— Unamjua? aliuliza Kinyozi.

— Ni ile sehemu yangu mpya. Inashikilia anwani ya chumba cha zamani, inakwenda kumtafuta mtu aliyekwisha ondoka. Nitaufuta mstari mmoja tu. Zitapona leo leo.

— Kazi ya mzee imesalimika! alipaza Redio.

Binti alitabasamu kidogo, akatafuta pa kukaa. Penye nafasi palikuwa na kikombe cha nne, kimejaa, kimeshapoa.

— Hiki cha nani?

Redio akatazama barabara. Kinyozi akafuta wembe uliokuwa safi. Fundi akaikunja tena karatasi ya HAMNA MTU.