Phùng Văn Thuyết na Mkungu wa Ziwa Vạc

Marehemu Phùng Văn Thuyết alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 katika kijiji hiki tunakomrudisha leo, wilaya ya Vụ Bản, mkoa wa Nam Định. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Phùng Văn Khoản, mkulima wa mpunga, na mama Đinh Thị Lụa. Marehemu baba yangu alikuwa kaka yake, na ndiyo sababu jukumu la kusoma maneno haya limeniangukia mimi.

Alisoma shule ya kijiji, kisha ya wilaya, na mwaka 1963 akaingia shule ya ufundi wa nguo mjini Nam Định. Wenzake walimkumbuka kwa maswali. Siku moja fundi wa rangi alimwagiza achanganye kijani, naye akauliza, "Kijani cha mwezi gani, mwalimu?" Darasa zima likacheka. Fundi hakucheka. Alimtoa nje, akamwambia atazame shamba la mpunga mpaka kipindi kiishe.

Alihitimu mwaka 1966 akaajiriwa katika idara ya rangi ya kiwanda cha nguo. Miaka ya mabomu alihama na mitambo kwenda vijijini, akarudi nayo mjini, na akastaafu mwaka 1991. Hakuwahi kutoka getini na kipande cha kitambaa kisicho chake, katika miaka ambayo wengi hawakuuona huo kuwa wizi.

Tarehe 2 Desemba 1971 alimwoa Lã Thị Nhàn, mfumaji wa kiwanda hicho hicho. Walijaliwa binti, Ngát, mwaka 1973, na mwana, Hoạch, mwaka 1976.

Mwaka 1988 rafiki yake aliyerudi kutoka kazini Urusi alimwuzia kamera. Marehemu alikwenda nayo kwenye bustani ya Ziwa Vạc, jirani na nyumba yao, akasimama kando ya benchi la chuma na kupiga picha ya mti wa mkungu ulio ukingoni mwa maji. Wiki iliyofuata akarudi pale pale, na hakuacha tena. Alitaka kujua kwa nini mkungu ule unakuwa mwekundu kabla ya mingine majira ya baridi, kwa nini machipukizi yake huanzia upande wa ziwa, na ni lini hasa kijani cha Aprili kinakuwa cha Mei. Maswali mengine aliyapatia majibu. Mengine amekwenda nayo.

Lipo na jambo jingine. Wasifu unaoficha ni uongo, na uongo hausomwi kaburini. Watoto wake wameniruhusu niliseme. Marehemu hakutaka watu katika picha zake. Kila adhuhuri mama Nhàn alimletea wali katika mkebe, naye humwambia, jicho likiwa bado kwenye kamera:

"Mama Ngát, sogea. Unanizibia mti."

"Huo mti ndio uliokupikia?"

"Kidogo tu. Kushoto."

"Nikisogea tena nitaangukia ziwani, ndipo utapata picha nzuri."

Bi Tịnh, muuza chai wa bustanini, hucheka, na mama Nhàn husogea. Alisogea kwa miaka ishirini na moja.

Mama Nhàn alifariki ghafla tarehe 19 Oktoba 2009. Siku ile ile ilihitajika picha ya kuweka madhabahuni nyumbani. Zile za harusi za watoto zilikuwa zimeliwa na ukungu, basi watoto wakafungua masanduku ya picha ya baba yao. Walikuta mkungu katika majira yote. Mama yao walimkuta mgongo, kiwiko, ukingo wa kofia ya majani. Uso haukuwamo. Ikabidi picha ndogo ya kitambulisho ikuzwe, nayo ipo madhabahuni mpaka leo: imefifia, na ndani yake mama Nhàn ana uso wa mtu aliyeitwa ofisini kujieleza.

Baada ya siku arobaini na tisa za matanga, marehemu aliwatangazia wazee wa bustanini kwamba anayetaka picha ya madhabahu atampigia bure chini ya mkungu. Kila mmoja alimwuliza kwanza, "Unataka usimame katika majira gani?" Waliotaka majira ya machipuko waliyasubiri. Mzee Quýnh wa kikundi cha mazoezi ya asubuhi alijibu, "Majira ya joto. Huko niendako sijui kukoje."

Lakini swali hilo lilimrudia mwenyewe. Mkewe angejibu nini? Hakujua. Shemeji yake alisema machipuko, kwa ajili ya soko la mwaka mpya wa Tết. Ngát alisema vuli, jua likiwa laini. Mwishowe akamwendea Bi Tịnh.

"Unaniuliza mimi? Mimi ndiye niliyelala naye?"

"Wewe ndiye uliyekuwa ukizungumza naye."

Bi Tịnh akammiminia chai. "Alipenda mvua kubwa za mwezi wa saba."

"Mvua? Mvua ile huwezi kutoa kamera nje. Mimi hukaa nyumbani."

"Ndiyo hivyo, mzee."

Marehemu hakuinywa chai ile.

Mwaka 2021 mapafu yake yalianza kukakamaa. Julai mwaka huu, mvua ilipoanza, Ngát alileta kiti cha magurudumu na mwavuli ili ampeleke kupigwa picha yake chini ya mkungu. "Rudisha kiti," alimwambia. "Bustanini nimesimama vya kutosha. Nipige hapa hapa." Alifariki nyumbani tarehe 23 Novemba 2023, watoto wake wote wawili wakiwa pembeni.

Ameacha binti yake Ngát na mkwewe Tạ Văn Bưởi. Mwana wake Hoạch na mkewe Vi Thị Sen. Wajukuu watatu, na kitukuu mmoja.

Picha mnayoiona mbele ya jeneza ndiyo hiyo ya Julai. Yuko kwenye kiti chake cha nyumbani, na dirisha nyuma yake limelowa mvua. Mkungu haumo. Jioni hii itawekwa madhabahuni karibu na ile ya mkewe, na yeye tunamlaza hapa ubavuni pake. Wapumzike wote wawili kwa amani.